Umaskini wa Bajeti na Umaskini wa Fikra: Tathmini ya Kihistoria ya Kasoro za Filamu za Zombi za Gharama Ndogo, 1932–2017

IKISIRI

Makala hii inachunguza kasoro za filamu za zombi zilizotengenezwa kwa gharama ndogo nchini Marekani, Italia, Ufaransa, Uingereza na Japani kati ya mwaka 1932 na 2017. Kasoro hizo zimezoeleka kuelezwa kwa sababu moja tu, yaani ukosefu wa fedha. Kwa kulinganisha filamu zilizotengenezwa katika mazingira ya uhaba lakini zikatofautiana sana kwa ubora, makala inaonesha kwamba uhaba wa fedha unaeleza baadhi tu ya kasoro, hususani zile za sauti, mwanga, vipodozi na mwendelezo wa picha. Kasoro nzito zaidi, zikiwamo kuitenga dhana ya zombi na historia yake ya utumwa, kuwafanya wenyeji wa makoloni kuwa pambo la mandhari, na kuiga kanuni za filamu iliyotangulia bila kuzihoji, zilitokana na maamuzi ambayo kuyabadili kusingegharimu fedha yoyote. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kuwa mhakiki atenganishe kasoro za uhaba na kasoro za uamuzi kabla ya kutoa hukumu juu ya filamu yoyote ya aina hii.

1.0 Utangulizi

Filamu za zombi ni miongoni mwa tanzu chache za filamu ambazo historia yake imeandikwa kwa kiasi kikubwa na watengenezaji wasio na fedha. Sababu iko wazi. Zombi hahitaji maleba ya gharama, kwa kuwa huvaa nguo alizofia. Hahitaji mwigizaji mwenye jina, kwa kuwa hasemi. Hahitaji mandhari maalumu, kwa kuwa anaweza kutokea makaburini, shambani, dukani au jikoni. Mtu mwenye kamera, marafiki ishirini na ndoo ya rangi nyekundu anaweza kujiona ana kila kinachohitajika. Urahisi huo ndio ulioufanya utanzu huu uwe mlango wa kuingilia katika tasnia ya filamu kwa vijana wa nchi nyingi, na ndio pia ulioujaza kazi nyingi dhaifu.

Udhaifu huo umezungumzwa sana, lakini mara nyingi kwa njia mbili zisizotosheleza. Njia ya kwanza ni ya kudhihaki: filamu huorodheshwa miongoni mwa kazi mbaya kuliko zote, na makosa yake husimuliwa kama vichekesho. Njia ya pili ni ya kusamehe: kila kosa huelezwa kuwa lilisababishwa na bajeti, na kwa hiyo halistahili kuhojiwa. Njia zote mbili zinaukimbia uchambuzi. Mwenye kudhihaki haulizi kosa limetoka wapi, na mwenye kusamehe amekwisha kulijibu swali hilo kabla ya kuitazama filamu.

Makala hii inauliza swali la kihistoria: ni kasoro zipi katika filamu hizi zilisababishwa na uhaba wa fedha, na ni zipi zilisababishwa na mambo mengine? Ili kulijibu, makala inatumia mbinu ya ulinganishi. Filamu zimechaguliwa kwa kuzingatia vipindi vinne ambavyo mazingira ya utayarishaji na usambazaji yalibadilika: kipindi cha studio ndogo za Hollywood (1932–1959), kipindi cha watengenezaji huru wa Marekani kuanzia 1968, kipindi cha uigaji wa Ulaya (1979–1981), na kipindi cha mkanda wa video na kamera ya dijitali kilichofuata.

Neno linalotumika katika makala hii ni zombi, ingawa Kiswahili kina maneno ya karibu, yaani msukule na ndondocha. Sababu ya uchaguzi huo itaelezwa katika sehemu inayofuata, kwa kuwa tofauti baina ya maneno hayo ni sehemu ya hoja yenyewe.

2.0 Asili ya zombi na kile kilichoachwa nyuma

Dhana ya zombi ilikuzwa nchini Haiti, katika jamii iliyotokana na Waafrika waliopelekwa utumwani katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue. Koloni hilo lilitajirika kwa miwa na kahawa, na wafanyakazi wake walikufa kwa wingi kiasi kwamba mashamba yalitegemea kuletwa kwa watumwa wapya kila mwaka. Uasi ulioanza mwaka 1791 uliishia katika uhuru wa Haiti mwaka 1804. Katika imani za watu wa Haiti, zombi ni mtu aliyeinuliwa kutoka kaburini na mchawi ili afanyishwe kazi bila ujira, bila hiari na bila kumbukumbu ya jina lake. Kinachoogopwa si kukutana na zombi. Kinachoogopwa ni kugeuzwa kuwa zombi, yaani kurudishwa utumwani hata baada ya kifo, ambacho kwa mtumwa kilikuwa njia ya mwisho ya kuondoka shambani na kurejea Afrika ya wahenga.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua hofu hii. Katika masimulizi ya Tanzania, msukule ni mtu anayeaminika kuchukuliwa kichawi, ndugu zake wakalia na kuzika kisichokuwa yeye, wakati yeye mwenyewe anafanyishwa kazi usiku katika mashamba ya mtu mwingine. Zombi wa Haiti na msukule wana jambo moja la msingi: wote wawili ni nguvukazi iliyoporwa. Zombi wa filamu za baada ya 1968 ni kiumbe tofauti. Hamtumikii mtu, anakula nyama ya binadamu, na huambukiza kwa kung'ata. Kwa hiyo, kumwita msukule kungeficha mabadiliko yaliyotokea baina ya shamba la miwa na jumba la sinema.

Mabadiliko hayo yalianza wakati Marekani ilipoikalia Haiti kijeshi, kuanzia 1915 hadi 1934. Katika miaka ya mwanzo ya ukaliaji huo, wakulima walilazimishwa kujenga barabara bila malipo, jambo lililochochea uasi ulioongozwa na Charlemagne Péralte, ambaye aliuawa na wanajeshi wa Marekani mwaka 1919. Mwaka 1929 mwandishi Mmarekani William Seabrook alichapisha kitabu chake The Magic Island, kilichowatambulisha wasomaji wengi wa Marekani kwa neno zombi. Katika kitabu hicho, mazombi wanasimuliwa kuwa waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa yaliyohusishwa na kampuni ya sukari ya Haiti na Marekani. Hivyo, hata katika maandishi ya mgeni aliyependa mambo ya kutisha, zombi alikuwa bado mfanyakazi, na mwajiri wake alikuwa na anuani inayojulikana. Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha kupimia filamu zilizofuata: kila moja ilifanya nini na urithi huo?

3.0 Studio ndogo za Hollywood, 1932–1959

3.1 White Zombie (1932)

Filamu ya White Zombie, iliyoongozwa na Victor Halperin na kutayarishwa na ndugu yake Edward, huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya zombi. Ilipigwa picha kwa muda wa siku kumi na moja, kwa gharama inayokadiriwa kuwa dola 50,000, na kwa kutumia mandhari ambayo studio ya Universal ilikuwa imeyajenga kwa ajili ya filamu nyingine. Kasoro zake za kiufundi zinaonekana. Uigizaji wa wahusika wengi ni wa jukwaani, sauti imefifia, na baadhi ya mapengo katika hadithi yamezibwa kwa picha za macho ya Bela Lugosi zilizokuzwa.

Pamoja na hayo, filamu hii ina onyesho moja ambalo filamu nyingi za gharama kubwa hazijalifikia. Ndani ya kinu cha sukari, mazombi wanasukuma gurudumu kubwa kwa mzunguko usiokoma. Mmoja anaanguka ndani ya mashine, na wengine hawageuki. Mlio wa mbao zinazosagana unachukua nafasi ya muziki. Onyesho hilo halikuhitaji fedha nyingi. Lilihitaji mtu aliyeelewa kwamba zombi ni habari ya kazi. Kasoro kubwa ya filamu inaanza pale inapouacha uelewa huo. Hadithi yote inamhusu mwanamke Mzungu anayegeuzwa zombi na mwanamume anayemtamani, na jina lenyewe la filamu linamtahadharisha mtazamaji kuwa kinachotisha ni Mzungu kupatwa na yanayowapata watu weusi. Wafanyakazi wa kinu hawana majina, na ukombozi wao haumshughulishi mhusika yeyote. Kuwapa majina kusingeongeza hata dola moja katika bajeti.

3.2 I Walked with a Zombie (1943)

Ulinganisho unaofaa ni filamu ya I Walked with a Zombie, iliyotayarishwa na Val Lewton katika studio ya RKO na kuongozwa na Jacques Tourneur. Lewton alikuwa amepewa masharti matatu: kila filamu isizidi dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina lake lichaguliwe na wakuu wa studio. Ni kweli kwamba alikuwa na nafuu ambayo ndugu Halperin hawakuwa nayo, yaani mafundi wa kudumu na karakana za studio. Lakini nafuu hiyo peke yake haielezi tofauti iliyopo. Katika filamu hii, dereva mweusi wa gari la farasi anamweleza muuguzi aliyetoka Kanada jinsi mababu zake walivyoletwa kisiwani kwa minyororo, na sanamu ya mbele ya meli iliyowabeba watumwa imesimamishwa katika bustani ya mwenye shamba. Mazombi wawili wanaonekana kwa muda mfupi, na hakuna damu. Kinachotisha ni familia ya mabwana wa miwa inayoishi juu ya historia ambayo kila mtu kisiwani anaikumbuka.

Uhaba katika filamu hii umegeuzwa kuwa mtindo. Giza linaficha upungufu wa mandhari, na ukimya unachukua nafasi ya vitimbi vya gharama. Kama uhaba ungekuwa sababu ya kutosha ya udhaifu, filamu hii isingewezekana.

3.3 Monogram na Ed Wood

Studio ya Monogram, iliyojulikana kwa filamu za haraka na za bei nafuu, ilitoa King of the Zombies mwaka 1941. Kinachoibeba filamu hiyo ni Mantan Moreland, mchekeshaji mweusi anayecheza nafasi ya mtumishi. Moreland ana ustadi wa kuitumia sauti na muda kuliko waigizaji wote waliomzunguka, lakini skripti inampa kazi moja tu: kuogopa ili mtazamaji Mzungu acheke. Ni jambo la kutafakari kwamba muziki wa filamu hiyo ulipendekezwa kuwania tuzo ya Oscar. Kwa maneno mengine, studio hiyo haikukosa vipaji, ilivitumia vibaya.

Mfano wa mwisho wa kipindi hiki ni Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na kusambazwa baadaye. Fedha zake zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti. Lugosi alifariki Agosti 1956, akiwa ameacha vipande vichache tu vya picha, na nafasi yake ikachukuliwa na mtu asiyefanana naye aliyejifunika uso kwa joho. Katika maonyesho ya makaburini, mchana na usiku vinapishana ndani ya tukio moja. Mwaka 1980 ndugu Medved, katika kitabu chao kuhusu filamu mbaya, waliitangaza kuwa filamu mbaya kuliko zote. Hukumu hiyo iliipa umaarufu mkubwa, lakini pia ilianzisha desturi ya kuzitazama filamu za gharama ndogo kwa ajili ya kuhesabu makosa. Desturi hiyo ina hasara kwa mtafiti: inaweka kosa la jiwe la kaburi linalotikisika katika uzito sawa na kosa la kumfanya binadamu kuwa kichekesho, na mara nyingi inalikumbuka la kwanza na kulisahau la pili.

4.0 Night of the Living Dead (1968) na mzigo wa mafanikio

Kikundi cha watu wa Pittsburgh waliozoea kutengeneza matangazo ya biashara kiliunda kampuni ya Image Ten. Wanachama kumi wa mwanzo walichanga dola 600 kila mmoja, na baadaye fedha nyingine zikapatikana hadi filamu ikagharimu takriban dola 114,000. Mwongozaji alikuwa George A. Romero, aliyeandika skripti pamoja na John Russo. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, jambo lililowezekana kwa sababu filamu ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe. Muziki ulichukuliwa kutoka maktaba ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Baadhi ya wawekezaji waliigiza pia.

Kasoro za filamu hii zipo na zisifichwe. Uigizaji wa nafasi ndogo ni dhaifu, na muziki wake wa kuazima huvuma pale ambapo ukimya ungetosha. Kasoro nzito zaidi ni ya mhusika Barbra, ambaye baada ya dakika chache za mwanzo anabaki ameduwaa hadi karibu na mwisho. Romero mwenyewe aliiandika upya skripti kwa ajili ya filamu ya mwaka 1990 iliyoongozwa na Tom Savini, na ndani yake Barbra anafikiri, anapigana na kupona. Marekebisho hayo ni ushahidi kwamba udhaifu wa mwaka 1968 ulikuwa wa kimaandishi, wala haukutokana na mfuko.

Kwa upande mwingine, nguvu kuu ya filamu haikununuliwa pia. Nafasi ya Ben ilichezwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, na skripti haikubadilishwa ili kumfanya mtumishi au mchekeshaji. Anaongoza, anakosea, anawapiga wanaomzuia, na anaumaliza usiku akiwa hai. Asubuhi anapigwa risasi na kundi la raia wenye silaha wanaomdhania kuwa mmoja wa wafu, na mwili wake unaburutwa hadi kwenye moto. Filamu ilizinduliwa Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968, miezi sita baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Watazamaji wa wakati huo hawakuhitaji maelezo. Hapa, baada ya miaka mingi, zombi alirudishwa karibu na swali la mwili wa mtu mweusi na wenye mamlaka juu yake, ingawa shamba la miwa lilikuwa limekwisha toweka na neno zombi lenyewe halikutumika katika mazungumzo ya filamu.

Kasoro iliyowagharimu zaidi watengenezaji ilikuwa ya kisheria. Jina la awali la filamu lilipobadilishwa, kampuni ya usambazaji ya Walter Reade iliweka bango jipya la jina bila tangazo la hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi iliyochapishwa bila tangazo hilo iliangukia kuwa mali ya umma. Matokeo yake, yeyote aliweza kuinakili na kuiuza filamu bila kuwalipa waliyoitengeneza. Kosa hilo lilisaidia filamu ienee, na mwaka 1999 iliingizwa katika hazina ya filamu ya taifa la Marekani. Lakini utukufu huo haukuwarudishia wawekezaji kilichopotea. Ni kejeli ya historia kwamba filamu iliyofufua hadithi ya wafanyakazi walioporwa nguvu zao iliporwa kwa namna hiyo hiyo.

Mafanikio ya 1968 yalizaa pia mzigo. Yaliweka kanuni ambazo watengenezaji waliofuata walizichukua kama mapishi: nyumba iliyozingirwa, kundi lenye ugomvi wa ndani, risasi ya kichwa, mwisho wenye huzuni. Kilichokuwa jibu la Romero kwa wakati wake kikageuka fomula kwa wengine.

5.0 Uigaji wa Ulaya, 1979–1981

Filamu ya pili ya zombi ya Romero, Dawn of the Dead (1978), ilitayarishwa kwa ushirikiano na Dario Argento na kuoneshwa Italia kwa jina la Zombi. Mwaka uliofuata, Lucio Fulci alitoa Zombi 2, iliyobeba namba ya mwendelezo ingawa haikuwa na uhusiano wowote wa hadithi na filamu ya Romero. Filamu hiyo ilirudi katika kisiwa cha Karibi na kuwafufua hata maaskari wa Kihispania wa enzi za uvamizi. Wazo hilo lingeweza kufungua mjadala mzito kuhusu ukoloni. Lakini wakazi wa kisiwa hicho wanabaki kuwa mlio wa ngoma usikikao kwa mbali, na maaskari waliofufuka hawana tofauti ya maana na maiti wengine.

Mfano wa wazi zaidi ni Hell of the Living Dead (1980) ya Bruno Mattei, aliyejificha nyuma ya jina la Vincent Dawn. Kiini cha hadithi kina uzito: kiwanda kilichojengwa Papua New Guinea kwa jina la msaada kinavujisha gesi iliyotengenezwa kwa siri ili watu wa nchi maskini walane, na tatizo la wingi wa watu liishe. Hii ni tuhuma kali dhidi ya mataifa tajiri. Hata hivyo, filamu ilipigwa Hispania, na pengo la mandhari likazibwa kwa picha halisi za wenyeji zilizotolewa katika La Vallée (1972) ya Barbet Schroeder. Muziki nao ulikuwa wa kundi la Goblin uliokwisha tumika katika filamu nyingine, ikiwamo Dawn of the Dead.

Ukosefu wa fedha unaeleza kwa nini Mattei aliazima picha. Hauelezi namna alivyozitumia. Watu halisi katika shughuli zao halisi wanaoneshwa kama vitisho, huku mwandishi wa habari Mzungu akivua nguo na kujipaka rangi ili aingie katikati yao. Filamu inayodai kuwatetea watu wa nchi maskini inawatumia kwa namna ile ile inayolaumiwa na hadithi yake. Hapa ndipo kasoro ya uhaba na kasoro ya uamuzi zinapokutana katika picha moja, na mhakiki anapaswa kuzitenganisha.

Zombie Lake (1981), iliyotolewa na kampuni ya Eurociné ya Paris, inatoa funzo linalofanana. Jean Rollin aliiongoza kwa jina la bandia baada ya kuitwa dakika za mwisho. Wanajeshi wa Kijerumani waliouawa na wapigania uhuru wa kijiji cha Kifaransa na kutupwa ziwani wanarudi, na mmoja wao anamtafuta binti aliyezaa na mwanamke wa kijiji. Vipodozi vya kijani vinafutika shingoni na kuachia ngozi, na maonyesho ya chini ya maji yalipigwa katika bwawa la kuogelea ambalo kuta zake zinaonekana. Makosa haya huchekesha, lakini lililo kubwa zaidi ni la wakati. Binti ni mtoto mdogo, hivyo matukio yanapaswa kuwa ya miaka michache tu baada ya vita, ilhali magari na mavazi ni ya karibu na 1980. Kijiji kilichoua na kuficha, mama aliyempenda adui, mtoto asiyemjua baba yake: yote haya yanapoteza uzito kwa sababu filamu imeshindwa kusema ni mwaka gani. Suluhisho la bure lilikuwepo. Binti angeweza kuandikwa kuwa mwanamke mtu mzima.

6.0 Mkanda wa video na kamera ya dijitali

Kuenea kwa mikanda ya video katika miaka ya 1980 kuliondoa kikwazo cha jumba la sinema. Nchini Uingereza hali hiyo ilizua hofu ya umma, na filamu ya Fulci, iliyouzwa huko kwa jina la Zombie Flesh Eaters, ikawa miongoni mwa zilizoorodheshwa kwa mashtaka ya uchafu. Sheria ya kudhibiti mikanda ya video ilipitishwa mwaka 1984. Nchini Marekani, J. R. Bookwalter alitengeneza The Dead Next Door (1989) huko Akron, Ohio, kwa filamu nyembamba ya Super 8 na kwa msaada wa fedha za Sam Raimi. Sauti zote ziliingizwa baadaye, na pengo baina ya mdomo na maneno linasikika tangu mwanzo hadi mwisho. Hii ni kasoro ya kiufundi iliyo halisi: sauti mbaya humchosha mtazamaji kuliko picha mbaya, kwa kuwa huvunja imani yake katika kila sentensi.

Kamera ya dijitali ilishusha gharama zaidi. Colin (2008) ya Mwingereza Marc Price iliripotiwa kugharimu pauni 45. Picha zake za usiku hazina umbo, kamera inatikisika, na baadhi ya mapambano ni marefu kupita kiasi. Lakini Price alifanya uamuzi mmoja usio na gharama: hadithi inasimuliwa kwa kumfuata zombi mwenyewe. Familia inapojaribu kumfanya kijana wao awatambue tena, mtazamaji anakumbushwa maumivu yaliyokuwa katika imani ya Haiti, yaani ya ndugu anayemwona mpendwa wake asiyejua tena jina lake.

One Cut of the Dead (2017) ya Mjapani Shin'ichirō Ueda iligharimu takriban yeni milioni 3. Inaanza kwa onyesho moja lisilokatwa la dakika 37 lenye kila kasoro iliyotajwa katika makala hii: mazungumzo yanayosita, waigizaji wanaotazama pembeni, kamera inayoanguka. Sehemu inayofuata inarudi nyuma na kuonesha kilichokuwa kikitokea nje ya picha, na kila kasoro inapata sababu yake katika juhudi ya watu waliochoka wanaojaribu kuikamilisha kazi. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya yeni bilioni 3 nchini Japani. Umuhimu wake kwa hoja hii ni kwamba inamtaka mtazamaji aliyecheka arudi na kuuliza swali ambalo desturi ya kudhihaki haikuliuliza: kosa hili limetoka wapi?

7.0 Mjadala

Ulinganisho uliofanywa unaruhusu kuzigawa kasoro katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni kasoro za uhaba: sauti, mwanga, vipodozi, mandhari na kifo cha mwigizaji asiyeweza kubadilishwa. Hizi hupungua fedha zinapoongezeka, na mtengenezaji mwerevu huweza kuzikwepa kwa giza, ukimya au nyeusi na nyeupe. Kundi la pili ni kasoro za usambazaji, kama vile kupotea kwa hakimiliki au jina kubandikwa kwa sababu za soko. Hizi hazionekani katika picha, lakini huamua nani anafaidika. Kundi la tatu ni kasoro za uamuzi: nani anapewa jina, nani anachekwa, nani anaachwa ameduwaa, na historia ipi inaachwa nje ya hadithi.

Inaweza kupingwa kwamba mgawanyo huu unapuuza muda, ambao nao ni fedha. Mtu aliyepewa siku kumi na moja hana nafasi ya kufikiri. Pingamizi hilo lina ukweli. Shinikizo la muda humfanya mwandishi achukue kilicho karibu, na kilicho karibu mara nyingi ni chuki iliyokwisha kuzoeleka. Hata hivyo, kinu cha sukari cha 1932 na dereva wa 1943 vilibuniwa chini ya shinikizo hilo hilo. Uhaba husukuma kuelekea njia fupi, lakini hauichagui njia hiyo kwa niaba ya mtu.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa historia ya filamu za zombi za gharama ndogo haiwezi kuelezwa kwa kipimo cha bajeti pekee. Filamu zilizodumu hazikuwa zote zenye fedha zaidi, na makosa yaliyozidhoofisha zilizosahaulika hayakuwa yote ya kifedha. Kasoro iliyojirudia katika vipindi vingi ni kusahau kwamba zombi alikuwa mtu, na kwamba kulikuwa na aliyenufaika kwa kumfanya asiwe mtu tena. Kila filamu iliyokumbuka jambo hilo, hata kwa onyesho moja, ilipata nguvu ambayo vipodozi vyake visingeweza kuipa.

Matokeo haya yana maana pia kwa tasnia za filamu za Afrika Mashariki, ambazo hufanya kazi kwa bajeti ndogo na zina hazina ya masimulizi ya msukule na ndondocha. Mtengenezaji anayeyachukua masimulizi hayo hawezi kujiongezea fedha kwa kutaka tu. Anaweza, bila gharama, kuuliza shamba ni la nani, na aliyechukuliwa aliitwa nani kabla ya kuchukuliwa. Utafiti zaidi unapendekezwa kuhusu namna masimulizi ya nguvukazi iliyoporwa yanavyobadilika yanapohamishwa kutoka simulizi za jioni kwenda katika filamu, na kuhusu nafasi ya usambazaji katika kuamua ni mabadiliko yapi yanayobaki.